Je, Wajua? Afrika Iliwahi Kuimba Eurovision

Je, wajua kwamba Moroko ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyowahi kushiriki shindano la nyimbo la Eurovision? Ilikuwa tarehe 19 Aprili 1980, mjini The Hague, Uholanzi. Samira Bensaïd alipanda jukwaani na wimbo "Bitaqat Hub", yaani "Kadi ya Mapenzi". Neno hilo hub ni ndugu wa damu wa huba letu la Kiswahili. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Kiarabu katika shindano hilo, nao ulihubiri amani.

Moroko iliruhusiwa kwa kuwa shirika lake la utangazaji ni mwanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Kinachotazamwa ni uanachama, si bara.

Wimbo uliambulia pointi 7, zote kutoka Italia, ukashika nafasi ya 18 kati ya 19. Moroko haijarudi tena. Samira, hata hivyo, hakufifia: alihamia Misri na, kwa jina la Samira Said, akawa nyota mkubwa wa muziki wa Kiarabu. Kura za usiku mmoja hazipimi thamani ya msanii.