Anayekoroma aangaliwe shingo na koo

Mkoromaji ndiye wa mwisho kujua kwamba anakoroma, na ni nadra ajue kwamba usiku pumzi yake hukatika. Shahidi ni mke, mume, au mtoto anayelala chumba cha pili. Ndiyo maana daktari mzoefu hapendi mgonjwa wa aina hii aje peke yake.

Anayemwangalia usiku ataona mkoromo ukipanda, ukiwa mkali, halafu ukikatika ghafla. Kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika, kimoja kikipanda kingine kikishuka, lakini puani haipiti hewa. Sekunde 10, 20, pengine zaidi ya 30. Kisha mtu anashtuka, anatweta kama aliyeibuka majini, anageukia ubavu wa pili na kuanza tena kukoroma. Hiyo ndiyo apnia ya usingizi: misuli ya koo imelegea, ulimi umerudi nyuma, njia imeziba, oksijeni imeshuka mpaka ubongo ukamzindua kidogo, bila yeye kukumbuka asubuhi. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 kwa saa, tatizo lipo. Ikifika mara 30 kwa saa, tatizo ni kali.

Mchana dalili zinabaki mwilini. Chukua tepu ya fundi cherehani uizungushe shingoni. Mwanamume akipita sentimita 43 na mwanamke 41, kuna sababu ya kushuku, kwa kuwa mafuta yanayozunguka koo huibana njia ya hewa mtu akilala.

Halafu kinywa. Mwaka 1985 daktari wa nusu kaputi aitwaye Seshagiri Mallampati alieleza namna ya kukisia mapema ni mgonjwa yupi atasumbua kuwekewa mpira wa kupumulia. Mtu anakaa wima, anapanua kinywa na kutoa ulimi wote bila kutamka chochote. Kimio kikionekana chote, koo lina nafasi. Ikiwa kimefichwa na ulimi, na kinachoonekana ni kaakaa tu, koo ni finyu. Wanaotibu matatizo ya usingizi wakaazima kipimo hicho. Wao hutazama pia tonsili zilizovimba, kingo za ulimi zenye alama za meno, na kidevu kilichorudi nyuma. Hicho kidevu kisipuuzwe: kuna watu wembamba kabisa wenye apnia kwa sababu ya taya fupi, nao huchelewa kugunduliwa kwa kuwa kila mtu anadhani huu ni ugonjwa wa wanene.

Kuna na dalili zinazosingiziwa maradhi mengine. Mtu anaamka kukojoa mara tatu usiku, analaumu tezi dume au sukari, kumbe moyo uliovutwa na mikiki ya kutafuta hewa umetoa homoni inayoongeza mkojo. Presha haishuki ingawa anameza dawa tatu. Kichwa kinamuuma asubuhi, kinywa kikavu, na mchana anasinzia kikaoni, au kwenye usukani. Mtoto ni tofauti: mwenye nyama za pua hulala kinywa wazi, na mchana badala ya kusinzia anakuwa mtundu asiyetulia darasani.

Hakuna dalili moja kati ya hizi inayotosha kuthibitisha. Kinachothibitisha ni kupimwa usiku mtu akiwa amelala, hospitalini au kwa kifaa cha nyumbani kinachofuatilia pumzi na oksijeni. Wengi husaidiwa na mashine ya kusukuma hewa puani, aliyoieleza Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981. Kupunguza uzito husaidia. Pombe na vidonge vya usingizi huzidisha, kwa kuwa huilegeza misuli ileile.

Na anayekwenda kufanyiwa upasuaji amwambie daktari wa nusu kaputi kwamba anakoroma na pumzi hukatika, hata kama hajawahi kupimwa. Dawa za kulaza na za maumivu za jamii ya mofini hulegeza koo na kupunguza pumzi, na mgonjwa wa namna hii huhitaji kuangaliwa kwa saa nyingi zaidi baada ya kutoka chumba cha upasuaji.