Tusifundishe Nusu ya Maisha ya Bibi Titi

Barabara kuu inayopita Lavington, hapa Nairobi, imepewa jina la James Gichuru. Ni wanafunzi wangapi, kati ya wale wanaoipita kila siku, wajuao kwamba Gichuru alikiongoza chama cha KANU mwaka wa 1960, Jomo Kenyatta akiwa bado kizuizini? Jina la barabara humtukuza mtu, lakini halisimulii maisha yake. Ndivyo ilivyo pia jijini Dar es Salaam, ambako mojawapo ya barabara kuu huitwa Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1926. Elimu yake ya shule haikupita darasa la nne, ila alikuwa mwimbaji mashuhuri wa ngoma ya lelemama katika kikundi cha Bomba. Mwaka wa 1955, TANU ilipotaka kuwavuta wanawake, yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Hakwenda kwao na risala za kisomi. Alivitumia vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi na wafuasi, na akasema Kiswahili walichokisema wao. Katika muda wa miezi michache, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga na chama.

Baada ya uhuru aliuongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika na akawa mbunge wa Rufiji, kiti alichokipoteza mwaka wa 1965. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba ya kupangisha. Lengo lilikuwa jema: kuwazuia viongozi wasijitajirishe migongoni mwa wakulima. Hata hivyo, sharti hilo liliweka fungu moja mwenye hisa za kampuni na mama asiye na shahada, ambaye kodi ya nyumba ndiyo akiba yake ya uzeeni. Bibi Titi alilikataa waziwazi na kujiuzulu.

Mwezi wa Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wenzake kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Aliyakana mashtaka, lakini mwaka wa 1971 mahakama ilimtia hatiani kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa mwaka wa 1972 kwa msamaha wa Rais Nyerere, na akaishi pembeni mwa siasa kwa miaka mingi.

Lipo jambo jingine ambalo halina budi kuzingatiwa. Mwaka wa 1991 CCM, mrithi wa TANU, kwa Azimio la Zanzibar, ililegeza masharti yale ya uongozi. Kumiliki nyumba ya kupangisha hakukuwa tena kosa. Bibi Titi alifariki Johannesburg mwaka wa 2000, akitajwa tena kuwa shujaa wa uhuru.

Wapo watakaosema kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini mganga hagangi ugonjwa asiotaka kuutaja. Tukimwita mama huyu shujaa na kunyamaza juu ya kesi yake, tunawaficha vijana gharama ya kukipinga chama kilichokuwa peke yake madarakani. Tukimwita mhaini tu, tunafuta kazi ambayo bila yayo TANU isingewafikia wanawake wengi wa mijini.

Ni wajibu wetu, sisi walimu, kuyaweka darasani yote mawili: lelemama na gereza, Azimio la 1967 na lile la 1991. Kisha tuwaulize wanafunzi: je, kiongozi anayekataa sharti la chama chake amekisaliti, au amekitumikia? Watabishana, na waachwe wabishane. Mwanafunzi aliyepewa majina ya kusifu na kulaani pekee amefundishwa kukariri. Kupima bado hajafundishwa.