Uji wa Mtoto: Oti ya Dukani na Wimbi ya Shambani

Siku hizi katika maduka ya Bungoma na Kitale huuzwa pakiti za oti, na wazazi wengi huuliza kama uji wake wafaa. Jibu ni kwamba oti ni chakula chema kweli. Ina protini nyingi kuliko mahindi, tena ina nyuzinyuzi ziitwazo betaglukani, ambazo zikifika tumboni huteleza kama mlenda na kusaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu. Wataalamu husema kwamba gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kila siku humfaa mtu mzima, kwa kuulinda moyo wake. Lakini pakiti hizo ni ghali, na mzazi asiyeweza kuzinunua asidhani kwamba mtoto wake amekosa riziki.

Wimbi, ambayo Watanzania huiita ulezi na Wabukusu huiita bulo, ni nafaka ya zamani sana katika nchi hii. Mahindi yaliipokonya nafasi mashambani, hasa baada ya mwaka 1964, mbegu ya mahindi chotara 611 ilipotoka Kitale. Hata hivyo katika jambo moja wimbi huzishinda nafaka hizo mbili. Gramu 100 za wimbi zina miligramu 300 au zaidi za kalsiamu, madini yajengayo mifupa na meno. Oti ina kama 50 tu, na mahindi hayafikishi 20.

Lakini nafaka njema peke yake haitoshi, kwa maana uji wa mtoto una adui mwingine, nayo ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji ukiwa mzito hawezi kuumeza. Mama akiuongeza maji, mtoto hujaa maji, na kikombe kikiisha bado mwili wake una njaa. Mtoto wa namna hiyo hudhoofika polepole, ijapokuwa analishwa kila siku.

Dawa ya shida hiyo inajulikana Bungoma tangu zamani, nayo ni kimea. Kila ajuaye kupika busaa ajua kuotesha wimbi. Nguvu ile ile ya kimea ivunjayo wanga katika busaa huweza kuulainisha uji wa mtoto, bila kileo cho chote. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania waliuchunguza uji wa namna hii, wakaona kwamba mtoto hupata chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile.

Njia yake ni hii. Osha wimbi, uiloweke usiku kucha, kisha uitandaze na kuifunika kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka iote. Ikiota ukungu, itupe. Ianike juani ikauke kabisa, pukuta vijizizi, kisha saga. Pika uji mzito wa kawaida, uepue, uache upoe kidogo, maana moto mkali huua nguvu ya kimea. Tia kijiko kidogo cha unga wa kimea kwa kila kikombe na ukoroge. Baada ya dakika chache uji utakuwa mwepesi. Urudishe motoni uchemke tena, ili vijidudu vife. Kuotesha huku pia huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika wimbi.

Wazazi wakumbuke mambo mawili. Kwanza, miezi sita ya mwanzo mtoto anyonye maziwa ya mama tu. Pili, wimbi haina protini nyingi kama oti. Kwa hiyo uji utiwe maziwa, au unga wa njugu karanga, au wa omena.

Wakulima wanaotaka kupanda wimbi wamwone afisa wa kilimo aliye karibu, au waulize katika chuo cha mafunzo ya kilimo kilichoko Mabanga. Robo ekari tu ya wimbi kando ya mahindi si hasara kwa mwenye watoto wadogo nyumbani.