Dawa ya Kingamwili Huanza na Kipimo

Mlipuko wa 2006–2007 wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi ambao watu huupata kutoka kwa mifugo, uliua watu 144 Tanzania, na mkoa wa Iringa ulikuwa miongoni mwa iliyoguswa. Huko Mbeya, utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta kingamwili za virusi hivyo katika damu ya takriban asilimia 5 ya waliopimwa. Katika eneo moja la Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, zaidi ya robo. Watu hao walikuwa wameambukizwa bila mlipuko wowote kutangazwa kwao.

Kingamwili za namna hiyo sasa hugeuzwa kuwa dawa. Ile iitwayo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Hunata kwenye protini ambayo virusi hutumia kuingilia seli, vikabaki nje. Ilipojaribiwa Kongo mashariki mwaka 2018–2019, waliopewa dawa hiyo walikufa takriban 35 katika kila 100. Lakini wastani huo unaficha jambo kubwa: waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikufa 1 kati ya 10, waliofika vikiwa vimejaa, 7 kati ya 10. Kingamwili huzuia seli mpya zisivamiwe. Haifufui ini lililokwisha haribika. Kwa hiyo nguvu ya dawa hii hupimwa kwa siku ambayo ugonjwa umetambuliwa.

Atatokea wa kusema kwamba dawa hizi ni ghali, na kwamba kingamwili ya Ebola haitibu homa ya Bonde la Ufa, ambayo bado haina ya kwake iliyoidhinishwa kwa binadamu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba wagonjwa wengi wa homa hii hupona wenyewe, na kwamba kuchanja ng'ombe ni kinga bora. Ila chanjo ya ng'ombe haimsaidii mchinjaji aliyekwisha ambukizwa, na dawa itakayokuja kesho haitamfaa anayetibiwa malaria wiki nzima bila kupimwa kingine. Kipimo kinasaidia leo: kinamtambua wa kuangaliwa kwa karibu na kumwonya mfugaji. Mbeya ina kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Halmashauri za Mbeya na Iringa zianze na njia ya uhakika ya kufikisha damu kutoka zahanati hadi maabara.