Je, Wajua? Kura Ngapi Hufanya Kiti Kimoja

Je, wajua kwamba mmoja wa mabingwa wa elimu ya vyama na uchaguzi duniani alianza kazi akiwa mwanafizikia? Anaitwa Rein Taagepera, mzaliwa wa Tartu, Estonia, mwaka 1933. Familia yake ilikimbia nchi mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto. Akasoma sekondari Marrakech, Moroko, akaenda Toronto, Kanada, kisha Marekani, ambako alipata udaktari wa fizikia Chuo Kikuu cha Delaware mwaka 1965. Alikuwa mtafiti katika kampuni ya DuPont hadi mwaka 1970, alipohamia Chuo Kikuu cha California kule Irvine kufundisha siasa. Jicho la mwanafizikia alikwenda nalo. Kama jiwe linalodondoka lina kanuni yake, aliuliza, kwa nini kura zinazogeuka viti zisiwe na yake?

Je, wajua kwamba ukubwa wa bunge unaweza kukisiwa kwa kikokotoo cha simu? Mwaka 1972 Taagepera alichapisha kanuni ya kipeuo cha tatu: idadi ya wabunge hukaribia ile namba ambayo, ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu, unapata idadi ya watu wa nchi. Tujaribu nyumbani. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kipeuo chake cha tatu ni 395. Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020 lilikuwa na nafasi 393. Kenya, sensa ya 2019, watu 47,564,296: kipeuo ni 362, na Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii nilirudia mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya.

Si uchawi. Mbunge ana kazi mbili za kusikiliza: wananchi wa jimboni kwake na wabunge wenzake ukumbini. Bunge likiwa dogo, kila mbunge anazidiwa na watu wa jimbo. Likiwa kubwa, anazidiwa na wenzake. Kipeuo cha tatu ndipo mizigo hiyo miwili inapokaribia kulingana. Wapo wanaokwenda kinyume, na wanajulikana: Marekani, kwa sensa ya 2020, ingestahili wawakilishi wapatao 692, lakini inao 435, idadi ile ile iliyofikiwa mwaka 1913.

Je, wajua kwamba swali "nchi hii ina vyama vingapi?" ni gumu kuliko linavyosikika? Msajili wa vyama anaweza kuwa na orodha ya vyama ishirini huku viwili tu ndivyo vinavyotikisa nchi. Mwaka 1979 Taagepera na Markku Laakso walitoa dawa ya swali hilo. Chukua sehemu ya kura za kila chama, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, kisha gawanya moja kwa jumla hiyo. Vyama viwili vyenye nusu kwa nusu vinakupa 2 kamili. Kimoja kikiwa na asilimia 50, cha pili 30 na cha tatu 20, unapata 2.6: vitatu kwa majina, viwili na ushee kwa uzito.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Kenya, kwenye kura za urais. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alipata asilimia 36, Kenneth Matiba 26, Mwai Kibaki 19, Jaramogi Oginga Odinga 17. Theluthi mbili karibu za wapiga kura walimkataa Moi, na Moi akabaki Ikulu, kwa sababu waliomkataa waligawanyika njia tatu. Kwa kanuni ya Laakso na Taagepera, ukitumia kura kamili badala ya asilimia hizi za mkato, wagombea wenye uzito walikuwa 3.7. Mwaka 2002 upinzani ukaungana chini ya muungano wa NARC: Kibaki asilimia 62, Uhuru Kenyatta 31, Simeon Nyachae karibu 6. Piga hesabu upya: 2.05. Miaka kumi ya mikutano, mapatano, kusalitiana na kusameheana imo ndani ya tarakimu hizo mbili.

Kilichowasukuma wapinzani kuungana kilikuwa kimeandikwa zamani. Mwaka 1951 Mfaransa Maurice Duverger, katika kitabu chake kuhusu vyama vya siasa, alieleza kwamba pale anayeongoza kwa kura ndiye anayechukua kila kitu, vyama huelekea kubaki viwili. Kwanza, mfumo wenyewe hukinyonga chama cha tatu: kinapata kura nyingi, viti haba. Pili, mpiga kura hujifunza. Akiona kura yake imepotea mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu hampi anayempenda zaidi, humpa yule mwenye nafasi ya kumshinda asiyemtaka. Wanazuoni wenzake wamembishia Duverger tangu wakati huo, wakitaja India na Kanada, lakini hakuna anayeingia darasa la somo hili bila kukutana naye. Yeye mwenyewe mwaka 1989 alichaguliwa kuingia Bunge la Ulaya, Mfaransa huyo, kupitia orodha ya chama cha kikomunisti cha Italia.

Je, wajua kwamba Waingereza huiita elimu hii ya uchaguzi kwa jina lenye asili ya kokoto? Wagiriki wa kale walipiga kura kwa vijiwe, na neno lao la kijiwe ndilo lililochukuliwa. Aliyelieneza ni David Butler wa Oxford. Mapema mwaka 1950, akiwa na miaka 25, aliandika makala kuhusu uhusiano wa kura na viti, na Winston Churchill akamwita nyumbani kwake amweleze.

Je, wajua kwamba profesa wa siasa wa Manchester aliwahi kutumwa Tanganyika? Huyo ni W. J. M. Mackenzie, aliyeteuliwa kamishna maalumu wa masuala ya katiba. Ripoti yake ilitoka mwaka 1953. Uchaguzi wenyewe ulipofika, 1958 na 1959, nchi ilikuwa na majimbo kumi yenye viti vitatu kila moja, na mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimwacha mmoja, karatasi yako imeharibika. Wengi ndani ya chama cha TANU walitaka kususia. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, Julius Nyerere aliwashawishi waingie, na uamuzi huo tunauita hadi leo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka kuanzisha chama chake. TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, na mtego wa kura tatu ukawanasa waliouweka.

Je, wajua kwamba uchaguzi wa chama kimoja nao unaweza kumwangusha waziri? Septemba 1965 katika kila jimbo la Tanzania Bara lenye ushindani walisimama wana-TANU wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Asiyejua kusoma aliangalia picha. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Watafiti walikwenda majimboni wakati wa kampeni, na matokeo ya kazi yao yalihaririwa na Lionel Cliffe, aliyewahi kufundisha Chuo cha Kivukoni, katika kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Mwanafunzi wa siasa wa Afrika Mashariki ambaye hajakifungua kitabu hicho ana deni.

Na Zanzibar. Hapa naomba tusimame.

Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa tofauti ya kura moja. Moja! Viti vya visiwa vyote vikawa ASP 10, chama cha ZNP 9, cha ZPPP 3; hakuna kilichopata wingi, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Julai 1963 ndio uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote. Viti vilikuwa 31. ASP ikapata 13. ZNP, kwa asilimia 30 ya kura, ikapata 12. ZPPP, kwa asilimia 16, ikapata 6. Na muungano wa ZNP na ZPPP ukaunda serikali kwa viti 18. Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo iliyoshinda kwa kishindo, na kura ya ziada katika jimbo ulilokwishashinda haikuongezei kitu. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba, na Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Sisemi viti peke yake ndivyo vilivyoyaleta. Historia ya ardhi, ya utumwa na ya chuki ilikuwepo kabla ya sanduku la kura. Lakini zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa wamehesabiwa kuwa wachache, na anayesimulia mwaka 1964 bila kutaja hesabu ya 1963 anasimulia nusu.

Lesotho walipitia kisa cha jinsi hiyo mwaka 1998. Chama cha LCD kilipata asilimia 60 na ushee ya kura, kikachukua viti 79 kati ya 80. Maseru ikawaka moto, majeshi ya Afrika Kusini yakaingia. Basotho walikaa chini, wakabadili mfumo: mwaka 2002 waliongeza viti 40 vya kufidia vyama vilivyopunjwa majimboni, na chama cha BNP kikatoka kiti kimoja hadi 21. Wataalamu wa mifumo ya uchaguzi huutaja mfano huu mara nyingi, na wana haki.

Je, wajua viti vya uwiano hugawanywaje? Njia inayotumika sana ina jina la Victor D'Hondt, mwanasheria wa Ghent, na Ubelgiji iliichukua mwaka 1899. Tuseme viti ni vitano. Chama A kina kura 10,000, B 6,000, C 4,000. Gawanya kura za kila chama kwa 1, kwa 2, kwa 3, kisha okota namba tano kubwa: 10,000 ya A, 6,000 ya B, 5,000 ya A, 4,000 ya C, 3,333 ya A. Basi A viti vitatu, B kimoja, C kimoja. Mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Je, wajua kwamba Burundi inaishi na fikra zinazofanana sana na za Mholanzi Arend Lijphart? Alifundisha kwamba jamii iliyogawanyika huhitaji kugawana madaraka, si mmoja kumeza vyote. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 ulifuata njia hiyo, na Katiba ya 2005 ikaweka asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi katika Bunge la Taifa, na nusu kwa nusu katika Seneti.

Turudi kwa Taagepera. Mwaka 1992 aligombea urais wa Estonia. Arnold Rüütel aliongoza kwa asilimia 42 hivi, Lennart Meri akapata 29, Taagepera 23. Hakuna aliyefika nusu, uamuzi ukaenda bungeni, na bunge likamchagua Meri, aliyekuwa wa pili. Profesa aliona kwa macho yake, jina lake likiwa kwenye karatasi, kile alichokuwa akifundisha. Mwaka 2008 alitunukiwa tuzo ya Johan Skytte huko Uppsala, Sweden.

Uchaguzi ujao, mtangazaji akimaliza kusoma idadi ya viti, usizime redio. Chukua kalamu, subiri asilimia za kura, uandike namba hizo mbili kila chama ubavuni mwa jina lake, na karatasi hiyo uitunze.