Padre Daens na Wafanya Kazi wa Aalst

Aalst ni mji wa Flandria katika Ubelgiji, ulio kando ya mto Dender. Katika karne ya 19 ulijulikana kwa viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma nguo. Ujira wa mtu mmoja haukutosha chakula cha nyumba. Kwa hiyo mume, mke na watoto wote waliingia mitamboni. Sheria ya mwaka 1889 iliwakataza watoto walio chini ya miaka 12 wasiajiriwe viwandani, lakini mtoto aliyetimiza umri huo aliweza bado kufanyishwa kazi saa 12 kwa siku. Na hiyo ilihesabiwa kuwa sheria ya huruma.

Katika mji huo alizaliwa Adolf Daens mwaka 1839, akapata upadre mwaka 1873. Ndugu yake, Pieter, alikuwa mpiga chapa, na moja ya magazeti yake liliitwa "De Werkman", yaani "Mfanya Kazi". Jina hili lastahili kuangaliwa kwa lugha yake. Wakubwa wa nchi, hata katika Flandria, walizungumza Kifaransa, na hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya vyeo. Wengi wa waliotumikia mitambo walijua Kiflandria tu, ambacho ni Kiholanzi cha pande hizo. Basi umaskini wao ulikuwa wa namna mbili: mikono yao haikuwa na mali, na ndimi zao hazikuwa na baraza.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wake "Rerum Novarum". Aliukataa ujamaa, lakini alisema pia kuwa ujira haufai kupungua riziki ya mfanya kazi, na kwamba wafanya kazi wana haki ya kuunda vyama. Daens hakuleta mafundisho yaliyopita hayo. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuyasoma. Matajiri wengi Wakatoliki waliyasoma kama wito wa sadaka. Yeye aliyasoma kama haki. Sadaka hutolewa apendapo mwenye kutoa, bali haki hudaiwa, na mdai huchukiwa.

Chama kipya, Christene Volkspartij, yaani Chama cha Kikristo cha Watu, kiliundwa mwaka 1893. Mwaka huohuo wanaume wote waliotimiza miaka 25 walipewa kura, ingawa mwenye mali au elimu aliweza kupiga kura mbili hata tatu. Pamoja na mizani hiyo iliyoinama, Daens aliingia Bungeni Desemba 1894. Mshindani wake mkubwa hakuwa mpinga dini, bali Charles Woeste, kiongozi wa Chama cha Kikatoliki, mwanasheria aliyezungumza Kifaransa, aliyekuwa mbunge wa Aalst tangu 1874. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii: waliomwangusha padre walikuwa watu wa madhabahu yake.

Mwaka 1898 Kiholanzi kilisawazishwa na Kifaransa katika sheria za nchi. Mwaka huohuo Daens alipoteza kiti chake. Alikatazwa pia kusoma Misa. Alirudi Bungeni mwaka 1902, safari hii kwa kura za Brussels, akakaa hadi 1906, akafa Aalst tarehe 14 Juni 1907. Woeste alibaki mbunge wa mji ule hadi alipofariki mwaka 1922. Mwaka 1971 Louis Paul Boon, mwandishi aliyezaliwa Aalst, alitoa riwaya ya mambo haya, nayo ina jina la Pieter, yule mpiga chapa.