Ilitokea lini? Namna ya kutafuta habari za Hanang na Mbulu kwenye maktaba za mtandaoni

Tuseme mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi, kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, inaingia picha ya nyumba zilizofukiwa na tope. Chini yake imeandikwa: Katesh, waliofariki 47. Aliyeituma hakutaja siku. Una ndugu anayeishi chini ya mlima, na simu yake haipatikani.

Kwanza piga simu kwa jirani yake au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Baada ya hapo, lipo swali ambalo simu yako inaweza kukujibu: habari hii ni ya lini?

Katika makala hii tunaeleza namna ya kuitafuta kwenye kanzidata ya maktaba. Kanzidata ni ghala la kumbukumbu lililopangwa ndani ya kompyuta. Kila habari huwekwa pamoja na kichwa chake, jina la gazeti na tarehe yake. Juu ya ukurasa kuna kisanduku ambapo unaandika maneno unayotafuta. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: mara nyingi mashine hutafuta maneno uliyoandika, haitafuti jambo ulilokusudia. Ukiandika neno ambalo mwandishi wa habari hakulitumia, huenda hutaipata habari yake, hata kama ipo.

Tarehe ndiyo nguzo

Maporomoko ya Hanang yalitokea Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kufukia nyumba Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha ziara yake na kurudi nyumbani.

Siku hiyohiyo idadi ya vifo iliyotangazwa ilifika 47. Siku zilizofuata miili zaidi ilipatikana, idadi ikapita 60, na baadaye ikafika 89. Kwa hiyo anayetuma "waliofariki 47" huenda hajatunga. Huenda ameshika habari ya siku ya kwanza tu. Ndiyo maana kanzidata nyingi zina sehemu ya kuchagua "kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani". Itumie. Ukitaka kujua tukio lilianzaje, soma habari za siku ya kwanza. Ukitaka idadi ya mwisho, soma za wiki kadhaa baadaye.

Kiswahili na mashine

Kiswahili hubadilisha maneno mwanzoni. Tunasema amefukiwa, walifukiwa, zimefukiwa. Msomaji anajua ni jambo moja, lakini kanzidata nyingi huyaona ni maneno matatu tofauti. Nyingine hukuruhusu kuweka alama ya nyota mwishoni mwa neno ili zilete miisho yote, lakini kwetu nyota hiyo haisaidii sana kwa sababu mabadiliko yako mbele.

Kwa hiyo acha vitenzi, tumia majina. Andika jina la mahali na jina la jambo: Katesh maporomoko. Usipopata, badilisha: Katesh mafuriko, Hanang tope, Hanang matope. Magazeti ya Kiingereza yaliandika "landslide" na "mudslide", nawe jaribu yote mawili. Ukitaka maneno yakae pamoja kama yalivyo, yafunge kwa alama za mtajo: "Mlima Hanang". Bila alama hizo mashine inaweza kukuletea kila habari yenye neno mlima, hata ya Kilimanjaro.

Angalia pia tahajia. Wengine huandika Hanang, wengine Hanang'. Wengine Barabaig, wengine Barbaig. Magazeti ya zamani yamepigwa picha, kisha kompyuta ikayasoma yenyewe herufi kwa herufi. Wino ukiwa umefifia, kompyuta hukosea. Jaribu kila namna unayoijua ya kuliandika jina.

Tumia majina ya wakati ule

Hapa ndipo wengi hukwama. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Kabla ya hapo Mbulu na Hanang zilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Ukitafuta "Mkoa wa Manyara" kwenye magazeti ya mwaka 1985 hutapata kitu. Andika Arusha pamoja na jina la wilaya au kijiji.

Majina ya watu nayo ni hivyo hivyo. Wairaqw waliandikwa mara nyingi kama Wambulu. Wabarabaig waliitwa Mang'ati, jina walilopewa na wengine na ambalo si wote wanalipenda. Kulitafuta jina hilo kwenye gazeti la zamani si kulikubali. Ni kufungua mlango ambao mwandishi wa wakati ule aliufungia kwa jina hilo.

Magazeti pia yana umri wake. Uhuru lilianza mwaka 1961. Daily News lilianza mwaka 1972, baada ya The Standard na The Nationalist kuunganishwa. Mwananchi lilianza mwaka 2000. Usilitafute Mwananchi la mwaka 1980, halikuwapo.

Mfano wa ardhi ya Basotu

Mfano huu unagusa mashamba. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang. Eneo lote lilifika takriban ekari 100,000. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi wa kijiji.

Angalia kinachotokea ukitafuta nusu tu. Anayepata habari ya Mahakama Kuu peke yake atasimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema, "Tulishinda kesi." Anayepata ya mwaka 1985 peke yake hatajua kwamba jaji mmoja aliwahi kukubaliana na wanakijiji. Wote wawili wana karatasi mkononi, na wote wawili wana nusu ya habari. Ukishapata habari ya kesi, usiishie hapo. Tafuta tena kwa majina yaleyale katika miaka iliyofuata, ukiongeza neno rufaa.

Utafute wapi

Kwa hukumu na sheria, ipo TanzLII. Kusoma ni bure, na unaweza kutafuta kwa jina la kijiji au la mdaawa. Kwa habari za karibuni, tovuti za magazeti yenyewe zina kisanduku cha kutafutia. Ukurasa ukiwa umeondolewa, nakili anwani yake uiweke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Huenda nakala imehifadhiwa huko.

Kanzidata nyingine hulipiwa. Zitakuonyesha kichwa cha habari na mistari michache, kisha zidai fedha. Kabla ya kulipa, andika jina la gazeti, tarehe na kichwa, umpe mwanafunzi wa chuo au mkutubi. Vyuo vingi hulipia kanzidata kwa niaba ya wasomaji wao. Magazeti ambayo hayajawekwa mtandaoni unaweza kuyaulizia Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, au sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiwa na tarehe kamili, mkutubi anakwenda moja kwa moja kwenye jalada. Ukisema "miaka ya themanini hivi", mtapekua siku nzima.

Kuhusu bando: gazeti lililopigwa picha ni zito. Soma kwanza maelezo mafupi, pakua ukurasa mmoja unaouhitaji, usipakue gazeti zima.

Usipopata kitu

Kukosa habari kwenye kanzidata si ushahidi kwamba jambo halikutokea. Magazeti yalichapwa Dar es Salaam, na mengi ya vijijini kwetu hayakuandikwa. Hapo wazee bado ni maktaba. Mzee akisema "mwaka ule wa njaa" au "mwaka walipokuja na matrekta", umepata pa kuanzia. Muulize maswali yatakayokupa mwaka, kisha rudi kwenye kisanduku.

Na unapotuma habari kwenye kundi, andika mambo matatu: mahali, tarehe, na gazeti au chombo kilichoitoa. Mwenye ndugu chini ya mlima atakushukuru.